Jicho la Bwanausi

Kompyuta ya Mzee Sadallah iliwekwa sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni akivua viatu tu aione. Chumbani ingefaa zaidi, maana kuna utulivu, lakini mtu hanunui kitu cha maana akaenda kukificha. Kioo chake kilivikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye pindo la waridi. Kibodi ikavikwa chake. Na kile kisanduku kidogo cha kuletea mtandao, rauta, kilichokaa chini karibu na soketi, nacho kikapewa kitambaa kilichobaki kwenye seti ya viti. Vyote alivifuma mkewe, Bi Biubwa. Katika nyumba ile kitu kisichofunikwa kilihesabiwa kuwa kimetupwa.

Mzee Sadallah alikuwa karani wa forodha kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu na vitu viwili: sauti ya kuamrisha mizigo ifunguliwe, na imani kwamba kila anayeingia mlangoni ana kitu anakificha. Waya wa faiba ulipofika mtaa wao wa Mji Mkongwe, Bagamoyo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuingiza ndani, na kwa mwezi mzima hapakuwa na mtu aliyekutana naye sokoni au msikitini akasalimika bila kuambiwa. "Nyumba yangu mimi si ya bando," alisema, hata kwa watu waliokuja kumpa pole ya msiba wa binamu yake.

Lakini mtandao ule ulikuwa na tabia. Wenyewe nyumbani wakiwa peke yao, ulikwenda vizuri bila kusita. Akiingia mgeni, unakatika.

Ulianza na dada zake Mzee Sadallah waliokuja kutoka Pangani. Kaka yao aliwaketisha mbele ya kompyuta awaonyeshe Makka, moja kwa moja, watu wanavyotufu, wakiizunguka Kaaba, saa ile ile. Kabla picha haijatokea, pakawa na kiduara tu kinazunguka katikati ya kioo. Dada mkubwa, ambaye macho yake yalikwisha zamani, alikitazama kile kiduara kwa unyenyekevu akasema subhanallah. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Baada yao akaja mjomba mmoja kutoka Mkange, kutazama matokeo ya mtihani wa mwanawe. Alikaa saa nzima, akala, akanywa, akarudi Mkange hajui kama mtoto kafaulu au kafeli.

Kisha akaja Bwanausi.

Huyu Bwanausi alikuwa jirani, nyumba yake inatazamana na ya Mzee Sadallah, seremala wa milango, mtu wa maneno machache. Walisoma madrasa moja, wakatahiriwa msimu mmoja, na kwa miaka arobaini walisimama bega kwa bega kwenye safu ya pili msikitini. Alikaribishwa, akaketi, akaitazama kompyuta kwa jicho la mtu anayejua kazi ya mikono. Akasema, "Kitu kizuri hiki, Sadallah. Kizuri kwelikweli."

Hakusema mashaallah. Labda alisahau, labda alisema kimoyomoyo, labda mtu aliyeshinda kutwa na randa na vumbi la mbao anastahili kusahau neno moja. Lakini hakulitamka, na kikombe cha kahawa hakijamfika mdomoni mtandao ukakatika.

Mzee Sadallah hakuhitaji ushahidi mwingine. Watu wamewahi kufungiwa bandarini kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Mtu amesifu, hakutaja mashaallah, kitu kikafa hapo hapo. Tangu siku ile Bwanausi hakupata salamu yake. Akitoa yeye, Mzee Sadallah alikuwa anajibu kwa kukohoa. Msikitini alihamia safu ya nne, kwenye feni mbovu, ili bega lake lisiguse bega la hasidi. Na kwa kuwa waumini hawana kazi kubwa baina ya magharibi na isha, haikupita wiki mtaa mzima ukajua kwamba Bwanausi ana jicho. Mama mmoja aliyekuwa amemwagiza kitanda cha mtoto akaenda kuagiza kwa seremala wa Kerege.

Tena Mzee Sadallah akatoa amri nyumbani: kila mgeni afukizwe udi kabla hajaikaribia mashine.

Bi Biubwa alicheka kwa puani. Kumwambia yeye afukize mgeni ni kumwambia samaki aoge. Tangu aolewe, mgeni hajapata kukaa kwenye kiti chake akahesabu kumi kabla moshi wa udi haujamfikia. Na siku hizi alikuwa na chetezo cha umeme, cha rangi ya dhahabu, alicholetewa na mdogo wake kutoka Maskati. Hakitaki makaa, hakitaki kupuliza. Unakichomeka tu, na sebule nzima inanukia harusi.

Aliyeteseka ni Nadhira.

Nadhira alikuwa binti yao wa mwisho, miaka ishirini na saba, ana shahada ya ugavi na usafirishaji, na mwaka wa tatu sasa yuko nyumbani anachambua mchele. Alikuwa ameomba kazi mara sitini na mbili. Sitini na moja hazikujibiwa hata kwa tusi. Ya sitini na mbili ilijibiwa. Kampuni moja ya mizigo ya Dar es Salaam ilimwandikia kwamba imemchagua kwenye usaili, yeye na wengine wanne, nafasi ni moja. Usaili utafanyika kwa mtandao, Alhamisi saa nne asubuhi. Awe kwenye kompyuta, mahali tulivu, kwa kuwa kutakuwa na jedwali la kujaza huku wanamwona. Mtandao ukikatika na asirudi ndani ya dakika kumi, watamwita anayefuata.

Aliisoma ile barua jikoni mara nyingi hadi wali ukaungua.

Simu isingemsaidia. Kuta za nyumba ile ni za mawe na chokaa, unene wake mkono mzima, zilijengwa na watu waliotaka kuzuia joto wakazuia na kila kitu kingine. Ndani simu haishiki. Mpaka utoke barazani. Alipopendekeza aende akakodi kompyuta kwenye kibanda karibu na stendi, baba yake alimtazama kama mtu aliyeomba ruhusa ya kwenda kuombaomba sadaka mlangoni mwa msikiti.

"Mwanangu mimi, mwenye faiba ndani, akafanye usaili stendi?"

"Baba, ikikatika nimekwisha."

"Haikatiki. Nimemwita fundi."

Fundi aliitwa Abdulazizi. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Kerege, na elimu yake ya mitandao aliipata kwa kusikiliza wateja wakilalamika. Alifika na mkoba mweusi wenye zipu nyingi. Saa yake ya kufika ilikuwa saa sita na nusu mchana, siku zote, ziwe za jua au mvua, na hilo pekee lingetosha kumfumbua macho mtu mwenye macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu. Mama Nadhira, mgeni huyo."

Basi Abdulazizi akaketishwa. Udi ukafuka. Ikaja sharubati ya ukwaju, ikaja visheti, ikaja wali wa nazi na changu wa kukaanga, maana fundi akiwa ndani ya nyumba ni mgeni kwanza na fundi baadaye. Muda wote huo mtandao ulikuwa umekatika, kama kawaida. Abdulazizi alitafuna akisikiliza maelezo, akitikisa kichwa kwa majonzi. Alisema huenda ni seva za Dar. Alisema huenda anwani ya mashine imegongana na ya jirani. Mzee Sadallah aliposikia neno jirani, alimwongezea samaki.

Fundi alinawa, akakaa mbele ya kompyuta, akabofya mara mbili. Mtandao huo, umerudi. Akabofya mara ya tatu kwa heshima ya kazi.

"Setingi zilikuwa zimelala," alisema. "Nimeziamsha."

Jumamosi wakaja wageni, mtandao ukakatika. Jumapili Abdulazizi akaja, akala pweza, akaziamsha setingi. Tuwe wakweli, hata yeye mwenyewe hakujua anafanya nini. Alijua jambo moja: katika nyumba ile mashine inapona mtu akishiba. Ni fundi gani mwenye akili atakayeuliza zaidi?

Jumatatu alikuja tena, safari hii kwa wito wa Nadhira, aliyetaka kuona kwa macho yake. Nadhira alikaa chini kwenye mkeka, pembeni ya friji, akajifanya anachagua mchele, akatazama. Fundi aliingia. Baba alimkaribisha. Mama alitoka chumbani na chetezo chake cha dhahabu, akainama kwenye ekstensheni.

Sebule ile ilikuwa na soketi moja tu, na kwenye soketi hiyo ekstensheni ya matundu manne. Tundu la kwanza, friji, yenye sharubati ya mgeni. La pili, televisheni, mgeni asije akachoka. La tatu, kompyuta, fahari ya nyumba. La nne, kale kakisanduku kenye kitambaa, ambako tangu kaletwe hakuna aliyekaona kakifanya kazi yoyote. Bi Biubwa hakuwa na haja ya kufikiri. Alishika plagi ya rauta kwa ncha ya kanga, akaichomoa, akachomeka chetezo. Mgeni alipokwisha kula na moshi ukatosha, akachomoa chetezo, akairudisha plagi mahali pake, maana yeye si mtu wa kuacha vitu ovyo. Akatengeneza na kitambaa.

"Setingi zilikuwa zimelala," alisema Abdulazizi kutoka kwenye kompyuta.

Nadhira aliingia jikoni akafunga mlango akacheka hadi akashika meza. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu alimkumbuka Bwanausi. Jana yake tu alimwona yule mzee anampa salamu baba yake kwenye kona ya soko la samaki, na baba yake anakohoa.

Aliwaeleza wazazi wake wote wawili baada ya alasiri. Mama yake alielewa upesi, akaweka mkono mdomoni. "Mimi? Miezi yote hii ni mimi?" Kisha akakumbuka yule wifi mkubwa na kile kiduara, akajifunika uso kwa kanga, na haikujulikana kama analia au anafanya nini.

Mzee Sadallah hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho kama alivyokuwa akiwasikiliza wafanyabiashara wenye nyaraka pungufu.

"Mtandao," alisema, "unakuja chini ya bahari. Unatoka Ulaya huko, unapita chini kwa chini, unatokea Dar, unakuja Bagamoyo. Sasa mama yako na kanga yake akate kitu kilichopita chini ya bahari?"

"Baba, tazama." Nadhira alichomoa plagi. Kiduara kikaanza kuzunguka. Akaichomeka, wakasubiri dakika tatu, mtandao ukarudi.

Baba alitazama kioo, akatazama kitambaa, akatazama dirisha ambalo ng'ambo yake ni mlango wa Bwanausi.

"Hiyo ni ya leo," alisema. "Siku ile alikuwa ni Bwanausi."

"Siku ile mama aliwasha udi."

"Mimi habari za plagi sizijui na sitaki kuzijua. Nilimwona mtu kwa macho yangu anasifu bila kumtaja Mungu. Au unataka nitoke sasa hivi, niende safu ya pili, nikamwambie Bwanausi mbele ya watu kwamba nilimpakazia uchawi kwa sababu ya plagi?"

Hilo ndilo hasa Nadhira alilolitaka, na baba yake alijua, na kwa hiyo mazungumzo yakaishia hapo.

Kesho yake Nadhira alinunua ekstensheni ya matundu sita. Kitu kidogo, cheupe, kingemaliza ugomvi wote. Mzee Sadallah aliipokea, akaigeuza huku na huku, akaitia ndani ya kabati la vyombo nyuma ya birika za mkewe, akafunga kwa ufunguo. Alisema ekstensheni kubwa huunguza nyumba. Ukweli ni kwamba kuichomeka kungekuwa ni kukiri, na mtu aliyetumia miaka thelathini na moja akiwakirisha wengine hajui kukiri kunaanzia wapi.

Alibaki mama. "Alhamisi, saa nne mpaka saa sita," Nadhira alimwambia. "Hata akija nani. Usiiguse ile plagi."

"Siigusi. Nitafukiza kwa makaa." Bi Biubwa alifikiri kidogo. "Ila mgeni atasema chetezo changu kimeharibika."

"Mama."

"Nimesema siigusi."

Alhamisi saa tatu na nusu Nadhira alikuwa ameshaketi, mtandio wa kijani umetulia kichwani, kitambaa cha kioo kimekunjwa pembeni. Pazia la kuingilia ukumbini lilishushwa. Baba yake alikuwa nyuma ya pazia hilo na tasbihi yake, akipita na kurudi, akitia dua kwa sauti ya kusikika vizuri. Tusimvunjie haki: alitaka binti yake ashinde. Alikwisha kuwaambia watu wanane.

Saa nne kamili zikatokea nyuso tatu kwenye kioo: mwanamme mmoja mwenye upara, kijana wa majedwali, na mama wa makamo mwenye miwani, ambaye wenzake walikuwa wakimwangalia kabla ya kusema jambo. Nadhira alisalimia vizuri. Alijaza jedwali lao kabla ya muda. Aliulizwa kuhusu kontena zilizokwama, akajibu kwa uhakika wa mtu aliyekulia kwenye meza ya chakula ya karani wa forodha, na nyuma ya pazia tasbihi ikasimama, kwa sababu mwenye elimu ile aliitambua kuwa ni yake, akafurahi mno.

Ndipo yule mama wa miwani akasema, "Tueleze tatizo ambalo wengine walishindwa nalo, wewe ukapata chanzo chake."

Nadhira alikuwa na jibu la swali hilo. Alilikariri wiki nzima, kuhusu kundi lao la chuoni na ripoti iliyochelewa, jibu safi lisilo na mtu ndani yake. Alifungua mdomo kulitoa, akaliacha. Akasema:

"Hapa nyumbani mtandao ulikuwa unakatika kila akija mgeni."

Akawasimulia. Hakutia chumvi, haikuhitajika. Aliwaambia kuhusu matundu manne na namna mama yake alivyochagua, na kwamba uchaguzi ule, ukiutazama, ulikuwa wa busara. Aliwaambia kuhusu fundi anayetengeneza kwa kula. Mwenye upara akavua kofia asiyokuwa nayo, yaani alijipangusa kichwa kwa kicheko. Kijana wa majedwali akazima sauti yake ili acheke vizuri. Yule mama akatabasamu, akauliza, "Na kabla hujapata chanzo, walidhani ni nini?"

"Walidhani ni jicho la jirani," alisema Nadhira. Sauti yake ikapungua. "Ni mzee mmoja seremala. Miezi miwili sasa hajibiwi salamu. Watu wameacha kumpa kazi. Chanzo kimejulikana, na bado—"

Nyuso tatu zikaganda. Mwenye upara aliganda mdomo wazi. Katikati ya kioo kikaja kiduara, kikaanza kuzunguka.

Nadhira aligeuka, neno "mama" limeshafika kwenye ulimi. Lakini mama yake alikuwa kwenye mlango wa jikoni na kisahani cha makaa mikononi, macho yamemtoka, anatazama chini karibu na friji.

Pale chini alikuwa amechutama Mzee Sadallah. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimetupwa pembeni. Katika plagi nne zilizofanana, nyeusi zote, mtu asiyejua wala asiyetaka kujua habari za plagi alikuwa amechomoa ile ile inayohusika, kwa mkupuo mmoja.

Aliinuka taratibu, magoti yakilia, waya unaning'inia mkononi.

"Umekatika," alisema. "Nilikwambia, nyumba hii imetupiwa macho."

Nadhira alitaka kupiga kelele. Badala yake alikwenda akanyoosha mikono miwili, kama inavyompasa mtoto kupokea kitu kwa mzazi, akaichukua plagi kutoka mkononi mwa baba yake. Akachutama akaichomeka. Taa za rauta zikawaka moja moja, kwa uzembe wake wa siku zote. Dakika ya kwanza. Dakika ya pili. Mzee Sadallah alisimama nyuma ya kiti, hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Dakika ya tatu, ya nne. Katika dakika ya tano nyuso zikarudi.

"Tulikupoteza," alisema mwenye upara kwa upole. "Umeme, sio? Hata huku kwetu jana ulikatika."

Mlango ulikuwa wazi mbele yake. Nchi nzima inaukubali uongo ule wa umeme bila swali la pili. Hata mtume wa ukweli angeutumia. Nadhira alimsikia baba yake nyuma anavuta pumzi na kuizuia.

"Hapana," alisema. "Baba amechomoa plagi."

Yule mama wa miwani akasogea karibu na kioo. "Kwa nini?"

"Alikuwa anasikiliza."

Mama yule hakucheka. Alitazama nyuma ya bega la Nadhira, mahali ambapo bila shaka paliingia kwenye picha kanzu nyeupe kuanzia kifuani mpaka kiunoni. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi yake, kirefu kidogo.

"Haya," alisema. "Tuendelee."

Mzee Sadallah alitoka. Alipita ukumbini, akavaa makubadhi, akafungua mlango wa nje. Mlangoni, kwa bahati yake mbaya, alikuta mtu anakaribia kubisha hodi: Abdulazizi na mkoba wake wa zipu nyingi. Ilikuwa bado saa tano kasorobo, lakini fundi alikuwa amesikia kwamba leo ni siku kubwa, akakisia na chakula kitakuwa kikubwa. Mzee akapata uhai. Huyu ni mtaalamu, atasema ni setingi, au seva, au jirani, atasema lolote lile, na nyumba itarudi kama ilivyokuwa.

"Mama Nadhira," aliita kutoka ukumbini kwa sauti ya forodhani. "Mgeni huyo."

Katika miaka thelathini na nane ya ndoa, mwito huo haujawahi kutolewa mara mbili.

Bi Biubwa aliweka kile kisahani cha makaa chini. Akavuta kiti kimoja cha sebule, kile chenye kitambaa kizuri kuliko vyote, akakiweka mbele ya soketi, akaketi, akatandaza kanga yake mpaka ekstensheni nzima ikafunikwa. Mikono akaiweka magotini.

"Mama Nadhira. Nimesema kuna mgeni."

"Nimesikia," alisema Bi Biubwa, kwa sauti ndogo ili isiingie kwenye kompyuta. "Leo hatupokei. Kaa naye huko huko barazani."

Palisikika mkoba ukiwekwa chini, kisha ukichukuliwa tena. Kazi Nadhira aliipata, hilo halina haja ya kufichwa. Barua ilikuja baada ya siku tisa, na Mzee Sadallah aliwaambia watu wanane wale wale kwamba ni kwa baraka za udi. Lakini hayo ni ya baadaye. Asubuhi ile alikuwa ameketi barazani kwake, kando ya fundi mwenye njaa, hana pa kuangalia ila mbele. Na mbele yake, ng'ambo ya kichochoro, Bwanausi alikuwa ametoa ubao nje anaupiga randa. Aliinua kichwa, akamwona.

"Assalamu alaykum, Sadallah."

Ndani, kupitia dirisha, binti yake alikuwa anajibu swali la mwisho. Mzee Sadallah alifungua mdomo. Abdulazizi aligeuka kumtazama, akingoja kuona.

Mzee akakohoa.